Beki Aliyeomba Kutoka

Nilikuwa kwa kinyozi hapa Uvira nikingoja zamu yangu. Televisheni ilimwonyesha Mjapani mmoja akiaga besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Kinyozi alitueleza kwamba miaka yote kazi ya mchezaji huyo ilikuwa kusimama mbali, nyuma kabisa ya uwanja, na kukimbilia mipira iliyopigwa juu. Sasa alizunguka uwanja polepole, kofia mkononi, na watu walimlilia.

Jirani yangu kwenye benchi, aliyekuwa beki wa timu ya mtaa wetu, alitazama bila kupepesa macho.

"Ule alijua ni mechi ya mwisho," alisema. "Miye, hakuna muntu aliniambia. Tulicheza siku ya Mungu, nyuma ya misa ya asubuhi. Kisha ziwa likapanda, likameza uwanja. Mpaka leo iko maji tu."

"Siku ile ulicheza muzuri?" kinyozi akauliza.

Alijisugua magoti kwanza.

"Niliomba kocha anitoe mbele ya mapumziko kufika. Nilikuwa nimechoka."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alipunguza sauti ya televisheni.

Wiki hii nilikusudia kumwomba mhariri wa gazeti nafasi hii ninayoandika kila wiki ampe mwingine, maana nami nimechoka. Lakini sikumwomba; nimeandika hivyo hivyo nilivyochoka.