Vichipukizi vya Mparachichi

Vichipukizi vya mparachichi vikichemka hutoa harufu kali ya majani yenye utamu kidogo ndani yake, kama chai iliyosahauliwa motoni. Nilipokuwa na miaka tisa, nyumba yetu ya Mghange, kule milimani, ilinuka hivyo msimu mzima. Mama alikuwa mjamzito, na damu yake ilikuwa imepungua. Viganja vyake vilipauka, na akipanda mlima kwenda shambani alisimama kila mara kuvuta pumzi, mkono kiunoni. Zahanati walimpa vidonge, vikamtia kichefuchefu, akaviacha. Basi Nyanya, aliyemzaa baba, akasema atamtengenezea dawa. Alichuma vile vichipukizi vinavyotoka vyekundu kabla ya kugeuka kijani, akavichemsha hadi maji yakawa rangi ya kutu, akayachuja kwa kitambaa. "Huu wekundu ndio unaoingia kwenye damu," aliniambia, nami nikaamini kabisa. Lakini sikutulia. Baba alikuwa kazini Mombasa, na mimi ndiye mtoto mkubwa. Mapumziko ya shule yakifika nilikimbia nyumbani, nikamvuta Mama kope ya chini kuona kama kumekuwa na wekundu wowote. "Wewe mtoto, niache jicho langu," alisema akicheka, lakini hata kucheka kulimchosha. Nikirudi darasani sikusikia mwalimu anasema nini.

Jumamosi moja adhuhuri Mama alianguka mlangoni pa jikoni. Hakupiga kelele, aliteleza tu taratibu ukutani mpaka chini. Nyanya alikuja na kikombe cha dawa, akainama, akamtazama midomo, kisha akakiweka kikombe kando. "Mwite Mwadime alete pikapu," aliniambia. Mwadime alikuwa jirani yetu. Nilikimbia nikilia, na kabla sijaweza kueleza vizuri alikuwa ameshawasha gari. Tuliteremka zile kona zote hadi Voi, Nyanya akiwa amempakata Mama kichwa na kumwita jina lake tena na tena ili asilale.

Hospitalini walisema Mama anahitaji kuongezwa damu, na ndugu wajitokeze kutoa. Nyanya akakunja mkono wa gauni lake palepale.

"Shosho, umri wako hauruhusu," muuguzi alimwambia kwa upole.

"Nimekunywa dawa yangu miaka yote. Damu yangu ni nzito. Chukua!"

"Hapana, shosho. Tutakuumiza na wewe."

Nyanya alibaki na mkono ule mkavu umenyooshwa, akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia. Nilitaka kutoroka, nilitaka kubaki. Nikawa natembea tu ukumbini, nikienda mlangoni na kurudi. Ndipo akaingia Shangazi Mkawasi, dada yake baba, aliyeishi pale Voi; Mwadime alikuwa amekwenda kumwita. Yeye na Mama hawakuwa wakisalimiana tangu wagombanie mpaka wa shamba. Alikwenda moja kwa moja kitandani. Mama alipofungua mdomo, Shangazi akasema, "Usiseme kitu, wifi. Lala." Kisha akamgeukia muuguzi: "Nipimeni mimi." Damu yao ikalingana.

Mama alirudi nyumbani akiwa na rangi usoni, na baadaye ndugu yangu akazaliwa salama, akilia kwa nguvu. Nyanya hakuacha kuchemsha vichipukizi vyake, ila alimsimamia Mama kila siku: "Meza kwanza vya hospitali, baada ya chakula. Halafu utakunywa hii."

Siku hizi naishi Voi, na dawa za vichipukizi nazikuta zimewekwa kwenye chupa ndogo za kudondoshea, zikitangazwa kwenye simu kwamba zinajenga damu. Juzi binti yangu Wakio, aliye mjamzito, alinipigia kutoka Mbololo kwa furaha kuwa amenunua moja. "Ni ya asili, Mama, haina neno." Sikumaliza chai yangu. Nilichukua bodaboda hadi kwake.

"Umepimwa damu?"

"Bado. Si ninaitumia hii?"

Niliigeuza ile chupa mkononi. Ilikuwa nzuri, ina picha ya jani na maneno mengi ya kutia moyo. Nyanya hakuwa na maneno hayo yote, lakini siku Mama alipoanguka alijua dawa yake imefika mwisho wake, akaagiza gari. Hilo sikuliona limeandikwa popote kwenye chupa.

"Vaa viatu," nilimwambia Wakio. "Twende kliniki sasa hivi."