Matumbawe ya Mama Mmoja

Nyanchoka alikuwa likizoni kwao Sotik, lakini moyo wake ulikuwa chini ya maji kule Pwani. Simu haikumtoka mkononi. Mamake alimpikia ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Nyanchoka akamega tonge moja akasema ameshiba, na hakuna aliyemwamini.

Babake, mzee Osoro, hajawahi kuiona bahari, lakini kazi ya binti yake aliianzisha yeye. Alikuwa mtu wa kitalu katika shamba la chai upande wa Kericho, na kanuni yake ilikuwa moja: tafuta mchai ulio bora kuliko yote, kata vipandikizi vyako vyote humo, mingine isahau. Nyanchoka alikulia kitaluni akijaza udongo kwenye mifuko ya miche. Aliposomea bahari na kukabidhiwa kitalu cha matumbawe, angefanyaje tena? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Alichagua tumbawe moja linalokua upesi, akalikatakata, akavitundika vipande kwenye kamba majini, safu baada ya safu. Wageni wakaja kupiga picha. Kina mama wa kijiji waliomsaidia waliokota vipande vya matumbawe yoyote yaliyovunjwa na mawimbi, wakavitundika kando. Yeye, kwa maringo kidogo, aliviita makapi.

Sasa bahari ilikuwa imeshika joto. Vipande vya mama mmoja, kinachoangusha kimoja huangusha vyote. Hilo alilisoma chuoni, akalipuuza kwa mazoea ya nyumbani.

Simu ikalia. Ni Akello, mwenzake wa kazi. Safu zote za Nyanchoka zilikuwa zimeanza kupauka kwa pamoja. Za kina mama, baadhi zimepauka, nyingi bado zina rangi. Kabla bahari haijachafuka wangeweza kushusha kitalu kimoja tu kwenye maji ya kina, yenye ubaridi.

"Tushushe gani? Wewe ndio unasema."

Mzee Osoro alisimama mlangoni, akitabasamu. Majirani wote alishawaambia kwamba kitalu cha Pwani ni kazi ya mkono wake.

Nyanchoka alimgeuzia mgongo. "Shusha ya kina mama."

Akello akauliza kama ana uhakika.

"Enda sasa, Akello."

Baba alingoja akate simu. "Na ile yako nzuri?"

"Inakufa, Baba."

"Kwani ulikata vibaya?"

Nyanchoka alimtazama mikono, ile mikono iliyomlea. Uchungu ukampanda.

"Ndio, Baba. Nilikata vibaya."

Mzee akamshika bega, akamwambia asijali. Kesho asubuhi atamwonyesha tena namna ya kukata.