Nguzo Niliyoisogeza Hatua Arobaini

Siku yangu ya kwanza kazini, Musoma, Afisa Utamaduni alinikabidhi mtaimbo, ndoo na nusu mfuko wa saruji. Ilikuwa miaka ile sabuni ilipatikana kwa foleni, na saruji kwa barua ya kibali. Kazi yangu ilikuwa kusimika nguzo za kumbukumbu, zile za zege zinazoeleza hapa palitokea nini. Ya kwanza ilikuwa ya kambi ya zamani ya askari wa Kijerumani, mlimani upande wa Mugango.

"Nguzo ikishasimama, watu wataiamini kuliko wewe," Afisa alinionya. "Usicheze nayo."

Bibi Nyangeta, wa kijiji cha chini, macho yake yakiwa yameanza kufifia, alinionyesha kaburi la baba yake, mpagazi aliyebebeshwa mizigo ya vita akafia pale kambini. Lilikuwa rundo la mawe tu, akaomba nguzo isimame hapo. Alipokwisha kuteremka kwake, nikapiga mtaimbo kando ya rundo, nikakuta mwamba mtupu. Nikasogea hatua arobaini, penye udongo laini, nikasimika. Nilitaka kuandika kwenye daftari umbali ule na upande wake, lakini mvua ilianza nikakimbilia lori. Nikasahau, basi.

Nikahamishiwa Bunda, kisha Butiama. Mkuu mmoja alitaka nguzo ziseme "mashujaa", mwingine "askari", wa tatu akauliza watalii watasoma lugha gani. Nilifuta na kuandika upya. Nani alikuwa shujaa sikuelewa, na sielewi hadi leo.

Niliporudi Musoma biashara zilikuwa zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, kila mtu anajenga. Mawe ya kambi yalikuwa yamegeuka misingi ya nyumba, na lile rundo pia. Ilibaki nguzo yangu. Chini yake alikaa Bibi Nyangeta, haoni tena, fimbo mapajani, akizipapasa herufi. Nikamwamkia, akanijua kwa sauti.

"Ni wewe, fundi? Mimi nakujaga hapa kila Jumapili nikitoka kanisani. Naongeaga na baba. Sasa nionyeshe kichwa chake kiko wapi, wanangu wamwekee msalaba kabla sijafa."

Nilizunguka mlima mzima. Kila mwamba ulifanana na mwenzake, na mimi nilichanganyikiwa kabisa. Nikarudi, nikamwambia yote.

Aliigusa nguzo. "Hatua arobaini?"

"Arobaini, bibi."

"Upande gani?"

"Sijui."

Alininyooshea mkono nimwinue. "Basi twende pande zote. Wewe hesabu, mimi nitamsalimia."

Tulikwenda pande zote, polepole, mpaka miguu yake ikachoka.

Nimestaafu sasa, naye hayupo. Vijana mnaniuliza kazi ile ilifanywaje. Andikeni kwanza, hata mvua ikinyesha. Mimi bado napanda kule Jumapili. Nahesabu arobaini, nasema shikamoo baba, halafu narudi kwenye nguzo na kuanza upande mwingine.