Mlango wa Baba

Katika ofisi ile hakuna aliyeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walitengeneza michezo ya kompyuta, na kila mtu aliitwa kwa kazi ya mikono yake. Aliyetengeneza mito na mvua aliitwa Bwana Maji, ingawa hata chai ilimshinda kuchemsha. Na mwanamke aliyekaa dirishani, karibu na mashine ya kunakilia iliyokufa zamani bila kuzikwa, aliitwa Bi Milango, kwa sababu kila mlango ndani ya mchezo wao ulikuwa wake.

Usicheke. Wewe unadhani mlango wa kwenye kompyuta ni picha tu. Haya, niambie, mtu akisimama katikati mlango unapojifunga, unambana au unamngoja? Akija na mzigo je? Bi Milango alishinda miaka na maswali hayo, na akiulizwa ni kazi gani hiyo, alijibu, "Ya ukoo." Baba yake alikuwa seremala. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa seremala, hata umsomeshe kompyuta, ataishia kwenye bawaba.

Mchezo wenyewe ulihusu mtu anayerudi kwao baada ya kukaa sana ugenini. Anapita nyumba baada ya nyumba hadi ya mwisho, ambako mzee anamngoja ndani. Walipotafuta sauti ya huyo mzee, waigizaji waliokuja walisoma kama watu wanaotangaza msiba. Bi Milango akamleta baba yake. Alikuwa mgonjwa tayari, kifua kinamsumbua, lakini ulimi ulikuwa mzima. Aligombana na fundi sauti kuhusu kiti alichokalia, akasema aliyekiunda alistahili kifungo. Siku ya mwisho akaiweka kando karatasi aliyopewa asome, akakohoa, akasema yake mwenyewe:

"Umechelewa, bibi harusi. Ingia, nafasi yako ipo. Na ufunge mlango."

Bibi harusi ni mkewe. Tangu amuoe hakumwita vingine, hata mvi zilipowaota wote wawili.

"Mama yako asiisikie mpaka mchezo utoke," alimwambia binti yake wakiwa njiani kurudi. "Aje mwenyewe, afungue mwenyewe."

"Na akishindwa kufika, baba?"

"Atafika. Mimi nitakuwa naenda wapi? Si nipo ndani?"

Mwaka ule hakuumaliza.

Wiki ya msiba Bi Milango alitaka kumsikilizisha mama ile sauti kwenye simu, huenda ingempoza. Mama alikataa kabisa. "Baba yako ameniwekea, hakunitumia," alisema. "Nitaingia kwa miguu yangu." Akaanza kujifunza kucheza, kwa vipande vya mwanzo ambavyo binti yake aliruhusiwa kuja navyo nyumbani. Pedi ya mchezo, ile ya vibonyezo, aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Aligonga kuta na kuziomba radhi. Mbele ya kila mlango alisimama akasema "Hodi" kwa sauti, akangoja kidogo, ndipo akabonyeza. Bi Milango alimwambia milango ile haisikii. Mama akamwambia hilo ni kosa la fundi.

Sasa, ofisini palikuwa na desturi. Juu ya kila kipande cha msimbo, yaani yale maandishi yanayouendesha mchezo, aliyekiandika huacha maneno mawili matatu ya kawaida kumweleza mwenzake kipande kile ni cha nini. Mashine huyaruka, ni maneno ya binadamu kwa binadamu. Juu ya mto wake Bwana Maji aliandika, "Usiguse. Mwenyewe sijui kwa nini unatiririka." Juu ya mlango wa mwisho Bi Milango aliandika, "Mlango wa baba. Asifungue mtu kabla ya mama." Na kwa kuwa wanaojaribu mchezo walichoka kusafiri safari nzima kila siku ili wafike pale, chini yake akaweka njia ya mkato: andika neno moja tu, na mlango unafunguka. Angeiondoa kabla mchezo haujatoka. Kila fundi ana vitu atakavyoviondoa kabla mchezo haujatoka.

Kisha mchana mmoja simu ya Bwana Maji ikaanza kumuuliza kama ni yeye anayejaribu kuingia kwenye kompyuta za ofisi. Hakuwa yeye, yeye alikuwa anakula. Akakataa. Ikauliza tena, akakataa tena. Ikauliza mpaka chakula kikapoa, na mwishowe, ili imwache atafune kwa amani, akabonyeza ndiyo. Wadukuzi wakaingia kama wageni waalikwa. Wakabeba msimbo wote, picha zote, sauti zote, mchezo mzima ambao haujaonwa na mnunuzi hata mmoja, kisha wakamwandikia mkurugenzi wakitaka fidia. Mkurugenzi akakataa, na alikuwa na haki. Basi wakaumwaga wote mtandaoni, bure, kwa anayetaka na asiyetaka.

Mwizi wa kuku namwelewa, kwa sababu kuku anamla. Hawa walikula nini?

Watu wakayasoma maandishi yale. Wakaucheka mto wa Bwana Maji, kisha wakafika kwenye mlango wa baba. Mwambie mtu asifungue, umeshamwonyesha pa kuanzia. Na hapa ufunguo wenyewe ulikuwa mstari wa chini yake. Haikupita siku, sauti ya mzee ikawa imekatwa, pamoja na kikohozi chake, ikabandikwa kwenye video ya mbuzi anayekimbiza lori lililokwisha kuondoka. Ikabandikwa kwa golikipa aliyeruka wakati mpira uko wavuni. Ikabandikwa kwa mabibi harusi halisi, maskini. Ofisini watu waliinamisha vichwa Bi Milango akipita, lakini mlinzi wa getini, ambaye hakujua lolote, alimpokea asubuhi kwa kicheko: "Umechelewa, bibi harusi!" Bi Milango akamwitikia salamu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Tumaini lilikuwa moja. Simu ya mama ilikuwa ya vibonyezo, mtandao haiujui. Kama angeletwa ofisini upesi, akatembezwa mpaka nyumba ya mwisho, bado angeisikia kama baba alivyotaka. Bi Milango akamwendea mkurugenzi.

"Dada, kompyuta zote zimefungwa mpaka wachunguzi wamalize," mkurugenzi alisema. "Hata yangu."

"Saa moja tu."

"Ningekuwa na uwezo, ningekupa."

Angeweza kuuchukua ule mchezo ulioibwa, kama dunia nzima ilivyouchukua. Aliwaza hilo siku nzima. Lakini ampeleke mama kwa baba kupitia mlango wa wezi? Akaamua kungoja wachunguzi. Mngoja chake hafi, husema watu. Kufa hakufa, kweli.

Kesho yake muuguzi wa kliniki ya presha alimpigia simu aje amchukue mama. Alimkuta amesimama mlangoni, mkoba kifuani, hataki kurudi kwenye benchi.

"Baba yako ameniita," mama alisema.

Bi Milango alijua papo hapo.

"Nilikuwa nimesinzia kidogo. Nikamsikia anakohoa, kisha akaniita. Nikasema 'Abee!' kwa nguvu, nikasimama. Benchi zima likacheka. Kumbe ni simu ya binti aliyekaa nyuma yangu. Akaniambia, 'Pole bibi, ni kichekesho tu.'"

"Nisamehe, mama."

"Ni yeye kweli, au wamemwigiza?"

"Ni yeye. Alikuwa anakuita wewe."

Mama aliuhamishia mkoba begani. "Na hao wengine wote," aliuliza, "na wao aliwaita?"

Kompyuta zilipofunguliwa, mkurugenzi alimwita Bi Milango akafunga mlango kwa upole. Alimwambia sauti ile iondolewe. Mchezaji asafiri safari yote ile, afike mwisho, acheke? Hakuwa na ubaya, na alilosema lilikuwa kweli, ndiyo maana liliuma. Kazi ya mlango haina mwenyewe mwingine, kwa hiyo aliifuta kwa mkono wake: sauti, njia ya mkato, na yale maneno ya juu. Sasa mlango wa mwisho ukifunguka ndani mna kiti tu.

Mchezo ulitoka ukanunuliwa na wachache. Wengi walikuwa wameshauona. Bi Milango alipeleka nakala nyumbani, akaiwasha, akamwekea mama pedi ya mchezo karibu. Mama alikuwa anakunja nguo zilizokauka.

"Yumo?" aliuliza bila kuinua uso.

"Hayumo, mama. Tumemtoa."

"Basi nikabishe hodi kwa nani?"

Bi Milango akazima. Nje kuna mtu alikuwa anapita na simu yake, na kupitia dirisha kikaingia kikohozi kile wanachokijua, na baada yake maneno yale. Umechelewa, bibi harusi. Bi Milango alimtazama mama yake. Mama alikung'uta shati, akalikunja, akaliweka juu ya mengine. Hakuitika.