Ng'ombe wa Bilali Ukutani

Bilali wa Mandawa amechinja ng'ombe miaka kumi na minane, na ukimwuliza ni kitu gani asichokijua kuhusu ng'ombe, atakucheka. Ndiyo maana alipofungua bucha yake mwenyewe, msimu wa korosho umepamba moto na fundi wa mabango yuko shambani anaokota na ukoo mzima, alisema, "Kuchora ng'ombe nako kuna ufundi gani?" Jamani, mdomo uliponza kichwa.

Akafungua somo kwenye simu. Mwalimu wa humo akasema mnyama yeyote huanza na mayai mawili, kubwa la mwili, dogo la kichwa. Bilali akatia yai, akatia yai, miguu akaifupisha kwa sababu ukuta ulimwishia, na mkia ukajikunja kwa kuwa brashi ilimteleza. Akarudi nyuma hatua tatu, akajisifu, maana hakukuwa na mwingine wa kumsifu.

Kesho yake mteja wa kwanza alikuwa Agapiti, mkulima wa ufuta, Mkatoliki wa kigangoni. "Nipimie kilo mbili za kitimoto, kaka. Umetusaidia sana, tulikuwa tunaifuata mbali."

Bilali nusura adondoshe kisu. "Kitimoto? Nyama ya nguruwe, hapa? Huyo ni ng'ombe!"

Agapiti akautazama ukuta. "Pole," akasema.

Nyuma yake alisimama Mzee Shaban, muadhini, na kikapu chake. "Astaghafirullah! Bilali mwanangu, ndiko ulikofikia?" Akaondoka na kikapu kitupu, na baada yake hakuja mtu. Bilali akaongeza pembe. Jioni kijiji kizima kikawa kinasimulia nguruwe mwenye pembe, na nyama ikaishia kwa mbwa.

"Ukiongeza na nundu, baba Zuena, watu watahama," alisema mkewe, Saada.

Bilali hakucheka. Mikorosho yake alishamwachia mdogo wake ili afungue bucha. Bucha ikifa, hana pa kurudi. Aliogopa kwelikweli.

Jumatano akaletewa ng'ombe kutoka Nachingwea, wa kuchinjwa Ijumaa. Akamfunga mbele ya ukuta, akafuta nguruwe wake, akaketi juu ya ndoo. Kumbe! Miaka yote hiyo hakujua kwamba masikio ya ng'ombe yanatokea chini ya pembe. Akachora, akafuta, akachora. Ng'ombe alipochoka akalala, naye akamsubiri ainuke. Alhamisi akaziona kope, ndefu kama za bibi harusi. Jicho la kushoto lilimchukua asubuhi nzima, na kila alipoinua kichwa, lilikuwa linamtazama yeye.

Ijumaa Mzee Shaban aliupapasa ukuta. "Ng'ombe huyu, wallahi! Bado kulia tu." Foleni ikafika barabarani, Agapiti naye ndani yake.

Saada akaleta kisu kilichonolewa. Bilali akakipokea, akamwendea ng'ombe, akaliangalia lile jicho. Akauangalia ukuta. Akarudi, akamkabidhi mkewe kisu.

"Siwezi," akasema, na machozi yakamtoka mbele za watu, mtu mzima na koti lake jeupe la bucha.

"Hee! Na watu wote hawa wale nini, ukuta?"

"Tutauza kuku, mama Zuena. Nitachinja hata hamsini." Akajifuta uso. "Ila kuku simchori ng'o!"