Asiyeitikiwa Hateremki

Kwao Kinole, kwenye milima ya Uluguru, nyumba hutazamana ng'ambo ya bonde, na Felista alipokuwa mtoto hakuna aliyeshuka bonde zima na kupanda tena kwa ajili ya chumvi. Mwenye neno alisimama juu ya mwamba akaita. Aliyeitwa alipaswa kuyarudia maneno: "Nimesikia, unataka chumvi." Mpaka ayarudie, mwitaji haondoki pale mwambani, hata mvua imnyeshee. Mama yake Felista, Bi Filomena, alikuwa mkali wa jambo hilo kuliko padri wa misheni.

Dunia ina mzaha, maana binti huyohuyo akaja kulipwa mshahara kwa kazi ya kuita na kuitikia. Miaka ile ya soko huria kila mwenye wazo na meza alifungua kampuni, na Collins, kijana wa Dar mwenye maneno mengi, alifungua yake Morogoro mjini, akamwajiri Felista aandike programu. Wakulima wa milimani waliandika ujumbe wa simu, bure kabisa, kusema wana nini shambani. Ujumbe ulipanga foleni kwenye seva, kompyuta ya kupokelea ujumbe, iliyoko Dar, kisha programu ya Felista ikauvuta na kuwapelekea wanunuzi. Namna ya kuzungumza na seva hakuiandika yeye. Alitumia maktaba, ndivyo watu wa kompyuta wanavyokiita kifurushi cha programu kilichokwisha kutengenezwa na wengine. Wewe unakiagiza tu kifungue njia, kilete ujumbe, kiiambie seva kwamba umepokelewa.

Mama naye hakuwa mtu wa kuacha cha bure. Kila Jumamosi akitoka gulioni alipanda mwambani, mahali pekee penye mtandao, akawasha simu na kutuma habari za mazao yake, na mwishoni akamwekea mwanawe neno. "Mdalasini upo gunia moja. Felista umekula?" Programu ilimtolea Felista pembeni kila ujumbe wa namba ile, naye akajibu palepale kwa simu yake.

Kisha maneno yakakatika. Jumamosi ikapita, ikaja nyingine, kimya. Akipiga, simu haipatikani, maana mama huizima kutunza chaji. Felista akaamua kwamba mama kanuna. Mara ya mwisho walikosana juu ya shamba la lukolo, ukoo wa mama, ambalo hushuka kwa binti, na binti ni yeye peke yake, naye hakutaka kulishika. Basi naye, kwa kiburi cha kurithi, akanuna. Lakini jamani, alimkumbuka! Aliitazama Uluguru kupitia dirisha la ofisi, akatamani angalau kugombezwa.

Siku moja Salehe, mnunuzi wa nyanya, aliingia akifoka. "Dada, mkulima wangu wa Mlali anasema kila Jumamosi anatuma habari za nyanya. Mimi sijaona hata moja. Mnazila nyie?"

Felista akakaa kuisoma upya programu yake, akaliona kosa. Maktaba ile ilimpa hiari: ithibitishe ujumbe baada ya kumfikia mnunuzi, au ithibitishe yenyewe papo hapo seva inapoukabidhi. Alikuwa amechagua papo hapo, kwa sababu programu ilikwenda mbio na Collins akamsifu. Haraka haraka haina baraka. Jumamosi, magulio yanapofunga, ujumbe ulimiminika, maktaba ikauvuta kwa mafungu. Tangu mgawo wa umeme uanze, ukiwa bado unangoja kupelekwa, zamu ya mtaa wao kukatiwa inafika na kompyuta inazimika. Seva imekwisha kuambiwa umepokelewa, imekwisha kuufuta. Binti wa Filomena alikuwa ameitikia kabla ya kusikia.

Akairekebisha siku hiyohiyo. Yaliyopotea hayakuwa na pa kutafutwa, isipokuwa kwa aliyeyasema. Jumamosi akapanda Kinole.

Alimkuta mama mwambani, simu mkononi, kikapu cha gulio miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Wenzako wote wameshateremka, mama. Mbona bado uko huku?"

"Wao waliitikiwa."

Felista akaeleza habari za seva na umeme, akilia, maneno yakigongana. Mama alimwacha amalize.

"Kwa hiyo hukusikia."

"Sikusikia, mama. Ulisema nini?"

"Niliuliza unarudi lini nyumbani. Kila nilipopanda hapa, ni hilo tu."

Felista akajifuta uso, akarudia kama alivyofunzwa. "Nimesikia, mama. Unauliza narudi lini nyumbani."

Bi Filomena akaizima simu, akaifunga kwenye pindo la kanga. Sasa ameitikiwa, angeweza kuteremka. Hakuteremka.

"Vema, umesikia," alisema. "Na jibu?"

Felista akalisogeza begi nyuma ya miguu yake. Lilikuwa dogo, la nguo za siku mbili, na mama alikwisha kuliona.