Mstari wa Niue na Mstari Wetu

Karatasi ilikuja na meli kutoka bandari ya Apia, imekunjwa mara nne ndani ya gunia la barua. Ilikuwa na mchoro wa mistari miwili tu. Mmoja, wa idadi ya kuku wa kisiwa cha Niue, ulipanda polepole mwaka hadi mwaka. Wa pili, wa kuku wetu wa visiwa vya Tokelau, ulikaa juu miaka ishirini, kisha ukaporomoka. Na uliporomoka mwaka gani? Miaka sita iliyopita, mwaka uleule Telesia alipopokea daftari la kuhesabu kuku wa Nukunonu, kisiwa chetu, kutoka kwa baba yake, mzee Pelenato.

Kijiji hakikuhitaji ushahidi zaidi ya huo.

"Hebu tuambie ukweli, wifi," Losa, mke wa kaka yake, alimvaa dukani mbele ya watu. "Kuku wote wale umewapika na nini?"

"Nimewala wabichi."

"Ndiyo maana umenenepa!"

Watu wakacheka, na Telesia akacheka nao, ila roho ilimuuma. Hakuwa na mume wala mtoto. Daftari lile ndilo lililomfanya aitwe kwenye baraza la wazee na kusikilizwa. Ijumaa wazee hao wangekutana kuamua kama anyang'anywe.

Kuku hawakupungua, jamani. Kuku wa Nukunonu hawafungiwi. Asubuhi wanashuka mitini, wanakula machicha ya nazi mlango huu, wanahamia ule, na saa sita wako kwa padri. Pelenato alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiuliza, siku nne nzima, na kila nyumba ilitaja kuku inaowalisha. Jogoo mmoja mwenye tamaa aliandikwa mara tatu. Telesia alitoka alfajiri, kuku wakiwa bado juu ya mishelisheli, akawahesabu walipolala, mara moja basi. Mzee, kwa upande wake, alikuwa na maneno yake ya karamuni kila wageni walipokuja: "Niue kubwa yote ile, na sisi vipande vya mchanga tunawashinda kwa kuku!" Alipigiwa makofi kwa maneno hayo miaka ishirini.

Alhamisi jioni Telesia alimkuta anasuka kamba ya makumbi.

"Baba, ulipokuwa unahesabu, hukuona kwamba kuku ni walewale?"

"Niliona."

"Sasa mbona uliwaandika?"

"Mtu ananiambia huyu namlisha, huyu wangu. Nimwambie si wako? Hapa, ambapo hata samaki mmoja tunagawana kijiji kizima? Ningeonekana mtu wa namna gani?"

"Na kesho wakiniuliza, mimi niseme nini?"

Pelenato aliivuta kamba, akaipima kwa dhiraa, akaendelea kusuka. Telesia akaenda zake. Usiku huo aliamua kusema kila kitu.

Ijumaa wazee walikaa kwenye mikeka, Pelenato akiwa mmoja wao, ameegemea nguzo yake ya siku zote. Mkuu wa kijiji aliitandaza ile karatasi katikati.

"Binti, tunaona haya. Niue wanatucheka. Kuku wamekwenda wapi?"

Telesia alifungua kinywa. Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anajipepea kwa nguvu kwa upepeo wa makuti kama mtu mwenye homa. Hakuwahi kumwona akiogopa, si baharini, si siku mama alipokufa. Alimhurumia, akajichukia kwa kumhurumia.

"Kuku wapo," alisema. "Nilihesabu vibaya."

"Mwaka gani?"

"Miaka yote sita."

"Miaka sita, Telesia! Na baba yako alikufundisha vizuri!"

"Alinifundisha vizuri."

Mzee mmoja akaguna, mwingine akasema ndiyo matatizo ya kumpa mwanamke kazi ya kutembea. Mkuu aliuliza nani anakubali daftari lichukuliwe, apewe Falaniko, mmoja wa wanaume wa kijiji, ambaye atapita nyumba kwa nyumba kama zamani. Mikono ikaanza kuinuka. Telesia aliliweka daftari juu ya mkeka, akausubiri mkono wa baba yake, pale kwenye nguzo.

Pelenato aliweka upepeo chini kwanza, ndipo akainua mkono wake. Ulikuwa wa tatu kuinuka, wengi wakiwa bado hawajaamua.